Betri Kwanza, Skrini Baadaye

Wasee, wacha niseme jambo ambalo dukani hutaambiwa: kitafuta samaki bora kwa mtumbwi si kile chenye skrini kubwa. Ni kile ambacho betri yake unaweza kuibeba kwa mkono mmoja, na ambacho hakigusi chaji ya simu yako. Hayo mengine, rangi, inchi, ramani, ni mapambo. Yanapendeza, lakini ni mapambo.

Sikuyaokota haya njiani. Yalinipata mwaka jana ndani ya Mtwapa Creek, jua linazama, na binamu yangu ameshika nusu ya kafi.

Ile siku

Nilikuwa nimeweka akiba miezi minne, doo ya kuhariri video za harusi za watu, nikanunua sona ya kurusha. Kama hujawahi kuiona, ni kidude cha duara, ukubwa wa chungwa dogo. Unakifunga kwenye uzi, unakirusha majini, kinaelea, halafu kinatuma picha ya chini ya maji kwenye simu yako kwa waifai yake chenyewe. Ndani kina kibetri cha kuchajiwa. Simu yako ndiyo skrini. Nikasema haya, hii ndiyo yangu. Hakuna waya, hakuna betri ya kubeba, inaingia kwa begi. Nilijiona mjanja.

Mtumbwi ulikuwa wa ami, ule wa kuchongwa kwa mwembe. Ami anavua kwa mshipi tangu kabla sijazaliwa. Nilipomwomba alinitazama kidogo, akasema, "Chukua, mwanangu. Lakini magharibi iwakute nchi kavu."

"Sawa, ami."

Tulitoka saa saba mchana. Jua lilikuwa la kuchoma, kwa hivyo nikapandisha mwangaza wa skrini hadi mwisho, la sivyo huoni kitu. Kufika saa tisa simu ilikuwa ya moto kama chapati iliyotoka kwa kikaango, ikaanza kujipunguzia mwangaza yenyewe. Nikaifunika na kofia, nikawa nachungulia ndani kama mtu anayesoma barua ya siri. Saa kumi na nusu chaji ilikuwa asilimia 11. Lakini manze, samaki tulikuwa tunawaona! Tulikuwa na changu watatu kwenye kapu. Nikamwambia binamu, "Kidogo tu, tunarudi." Saa kumi na moja simu ikazima.

Simu ya binamu? Aliiacha nyumbani. Aliogopa maji ya chumvi, na aliniambia mwenyewe, "Si yako ipo?"

Maji yalikuwa yameanza kupwa. Ukikaa karibu na creek unajua maana yake: mkondo wote unaelekea mlango wa bahari, na wewe uko juu yake. Tukageuza, tukapiga makafi kinyume cha maji. Pale penye mwamba binamu akasukuma kwa nguvu, kafi likakatika. Sasa kafi ni moja, watu wawili, mkondo unatuvuta, giza linaingia. Tuliponea kwenye mikoko. Tuliufunga mtumbwi kwenye mizizi, tukakaa, mbu wakafanya sherehe.

Tochi ilikuwa kwa simu. Saa ilikuwa kwa simu. Namba ya ami ilikuwa kwa simu. Na simu ilikuwa imekufa ikinionyesha samaki.

Saa mbili usiku mashua ya injini iliyokuwa inarudi ikasikia tukipiga kelele, ikatuvuta. Ami alikuwa ufuoni na tochi, ametembea huku na huku mpaka suruali imelowa magotini. Mama alikuwa amenipigia mpaka simu yake pia ikaisha chaji. Nilimwambia ami shikamoo, sauti yenyewe haitoki. Akaitikia marahaba, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mashine yako iliona samaki. Jua likizama haikuliona?"

Hakunipigia kelele. Ila kwa miezi mitatu hakunipa mtumbwi. Enyewe afadhali angenipigia kelele.

Simu si skrini

Hapo ndipo msimamo wangu ulipozaliwa, na sijaubadilisha: ndani ya mtumbwi, simu ni ya kurudi nyumbani. Si skrini ya kazi.

Sisemi sona za kurusha ni mbaya. Ukiwa unavua umesimama nchi kavu, gatini ama kando ya bwawa, ni nzuri sana, kwa sababu unairusha mahali ambapo huwezi kufika. Lakini kwenye mtumbwi unaiburuta nyuma kwa uzi, uzi unashikana na mshipi, na simu inakaa imewaka saa nzima nzima, kwenye jua, karibu na chumvi.

Kama tayari unayo na huna doo nyingine sai, usiitupe. Tafuta simu kuukuu, ile yenye kioo kilichopasuka iliyolala kwa droo, isiyo na laini. Hiyo ndiyo iwe skrini. Simu yako halisi izime, iweke kwa mfuko usioingiza maji, ifunge kwenye mtumbwi. Haigharimu chochote, na ningeifanya siku ile ningekuwa nyumbani saa kumi na mbili nakula changu.

Kwanza elewa inachofanya

Wengi wetu hununua hivi vitu tukidhani ni kamera. Si kamera. Ni sikio. Kile kichwa cha sona kinachokaa majini kinatoa mlio ambao huwezi kuusikia, mlio unagonga chini na kurudi, mashine inahesabu muda. Sauti husafiri majini karibu mita 1,500 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu mbili za mia za sekunde, sauti imesafiri mita 30, kwenda na kurudi, kwa hivyo chini ni mita 15. Hiyo ndiyo hesabu yote.

Samaki anaonekana hasa kwa sababu wengi wana kifuko cha hewa tumboni, na hewa ndani ya maji hurudisha sauti vizuri. Papa hana kifuko hicho, kwa hivyo hata akiwa mkubwa mwangwi wake ni hafifu. Halafu mapovu ya hewa nayo hurudisha sauti, ndiyo maana penye maji ya kuchafuka skrini hujaa "samaki" ambao hawapo.

Kwa hivyo ukiuliza mimi, alama za samaki ni sehemu ya chini kabisa kwa umuhimu. Kinacholipa ni mambo mawili: kina, na chini pakoje. Mwamba ama matumbawe hurudisha mwangwi mzito na mnene, mara nyingine unaona na mstari wa pili chini yake, kina mara mbili. Tope hurudisha mwangwi mlegevu. Ukijua tope linaishia wapi na mwamba unaanzia wapi, umejua pa kutega. Changu na tewa si wa kuzurura popote, wanapenda penye mwamba wa kujificha.

Na hilo, jamani, wazee walilijua zamani bila betri yoyote. Ami ana bildi: kamba yenye fundo kila pima moja, na chubwi mwishoni. Akitaka kujua chini pakoje anapaka sabuni kwenye chubwi, anaishusha, anaivuta. Mchanga ukinata, ni mchanga. Tope likinata, ni tope. Ikirudi safi na mkwaruzo, ni mwamba. Mashine yako inafanya kazi ileile, tofauti ni kwamba inaifanya mfululizo huku wewe unapiga kafi.

Chagua kwa maji yako, si kwa boksi

Kwenye boksi utaona wamejisifu: inafika kina cha mita mia kadhaa. Wewe unaenda wapi? Ndani ya creek huwezi kutumia hata robo ya hizo. Wasee wa Kisumu, Ziwa Victoria lenyewe, pamoja na ukubwa wake wote, mahali penye kina kirefu zaidi ni kama mita 80. Naivasha ni la mita chache tu sehemu nyingi, na huko cha kuangaliwa kwanza ni kiboko, si sona. Usilipie kina ambacho hutakifikia.

Kitu cha kuangalia ni upana wa mlio. Mlio hushuka kama koni: juu mwembamba, chini mpana. Mashine nyingi ndogo zikiwa kwenye kilohezi 200 zina koni ya digrii 20 hivi. Maana yake, kwenye kina cha mita 10 unaona duara la mita tatu na nusu. Kwenye mita 3 unaona duara la mita moja, yaani chini ya makalio yako tu. Mlio wa chini, kama kilohezi 77 ama 83, huwa na koni pana zaidi lakini picha yake haina makali. Kwa mtumbwi wa creek, tafuta mashine inayoweza kubadilisha kati ya mbili hizo. Pana ukitafuta, nyembamba ukishapata.

Zile picha maridadi za kilohezi 455 na 800 zinazoonyesha mpaka matawi ya mti uliozama ni tamu, sikatai. Lakini kwa mashine ya kwanza, si lazima. Inchi nne zinatosha. Kwenye mtumbwi skrini iko mbele ya magoti yako, si mbele ya kiti cha nahodha mita mbili mbali. Kinachohitajika ni isomeke juani, maana jua la Pwani halina adabu. Ukiweza, kabla hujalipa, itoe nje ya duka saa sita mchana uiangalie. Muuzaji akikataa, hilo nalo ni jibu.

Mtumbwi wa mbao una siri yake

Hapa watu wa mtandaoni wanaovua kwa kayaki watakupotosha bila kukusudia. Wao wanabandika kichwa cha sona kwa ndani, kinapiga mlio kupitia sakafu ya plastiki. Kwa plastiki ama faiba nyembamba inawezekana. Kwa mbao, wapi! Mbao ina hewa ndani ya nyuzi zake, na sauti inaishia humo humo. Binamu alijaribu, tukaona skrini nyeupe kama ukuta.

Kwenye mtumbwi wa kuchonga unahitaji mkono wa pembeni. Fundi wa mabomba alinikatia bomba la plastiki, urefu kama wa mkono wangu, nikafunga kichwa cha sona mwishoni, nikalishika kwenye ukingo wa mtumbwi kwa kibanio cha seremala. Sheria ni mbili. Kichwa kizame kabisa, kikitazama chini wima. Na bomba liweze kujikunja kuelekea nyuma likigonga mwamba, kwa sababu litagonga. Usitoboe mtumbwi wa mtu kwa ajili ya mchezo wako. Wa ami hasa.

Sasa hesabu ya betri

Hapa ndipo wengi hulala. Mashine nyingi za aina hii hutumia umeme wa volti 12. Kwenye karatasi yake kuna mahali pameandikwa inatumia ampea ngapi. Itafute hiyo namba kabla hujatafuta rangi.

Chukua mashine ndogo inayotumia ampea 0.3. Safari ya saa nane ni 0.3 mara 8, yaani ampea-saa 2.4. Sasa chukua ndugu yake wa inchi tisa anayekula ampea 1.5. Saa nane zilezile ni ampea-saa 12. Mara tano. Umeongeza inchi tano, ukaongeza mzigo mara tano. Hiyo ndiyo sababu nasema betri kwanza: skrini unainunua mara moja, betri unaibeba kila safari, kutoka nyumbani hadi kwa bodaboda hadi ufuoni na kurudi.

Ya risasi na asidi, ile nyeusi ya mraba inayokaa ndani ya kengele za wizi na mashine za kukinga kompyuta umeme ukipotea, ndiyo rahisi kupata mtaani. Ile iliyoandikwa 12V 7Ah ina uzito wa kilo mbili na kitu. Lakini usisome 7 ukadhani ni 7. Betri hii ukiimaliza kabisa mara kwa mara unaiua, kwa hivyo hesabu nusu: ampea-saa 3.5. Kwa mashine ndogo ya mfano wangu inatosha siku nzima, na akiba juu. Kwa ile ya inchi tisa ungehitaji ya ampea-saa 24 hivi, ambayo ni kilo saba, nane. Kwenye mtumbwi hizo si kilo, hiyo ni abiria asiyepiga kafi.

Ya lithiamu, na hapa namaanisha ile ya lithiamu, chuma na fosfeti, iliyoandikwa LiFePO4. Kwa ampea-saa zilezile 7 uzito wake ni kama nusu ya ya risasi ama chini. Unaweza kutumia karibu zote bila kuiumiza, volti zake hazishuki ovyo, na inadumu miaka zaidi. Ubaya ni bei, na inataka chaja yake yenyewe. Usiichomeke kwa chaja ya betri za gari ya mtaani. Kama utavua kila wikendi, inalipa. Kama ni mara moja kwa mwezi, anza na ya risasi.

Pawabenki je? Swali zuri, na jibu lake si "hapana" moja kwa moja. Kuna waya unaopandisha volti 5 za USB kuwa 12. Pawabenki ya 20,000 mAh, kama ni ya kweli, ina wati-saa 74 hivi. Ukigawanya kwa volti 12 unapata ampea-saa 6, na ukitoa zinazopotea njiani, labda 5. Inatosha kwa mashine ndogo! Shida ni hilo neno "kama ni ya kweli". Soko limejaa zilizoandikwa namba ambazo hata tumbo lake haliwezi kubeba. Nyingine hujizima zikiona mashine inatumia umeme kidogo, na nyaya za kupandisha volti za bei ya chini huchafua picha kwa mistari mistari. Mimi pawabenki naibeba, lakini ni ya simu. Imekaa kwa mfuko mkavu, na haitoki.

Ya kujitengenezea, zile seli za kompyuta kuukuu ambazo msee mtaani anaziunganisha kwa gundi na imani. Hapana. Sitazunguka hapa. Seli hizo zikigusana vibaya zinawaka moto, na wewe uko juu ya kipande cha mbao katikati ya maji. Ukitaka ya kuundwa, iundwe na fundi anayejua, iwe na kile kibodi cha ulinzi kinachozuia kuzidisha chaji na kuimaliza kupita kiasi.

Kuhusu sola: chaji nyumbani, kupitia kidhibiti chaji. Paneli ya wati 10 kwa saa tano za jua zuri inakupa wati-saa 50 kwenye karatasi, na chini ya hapo ukweli ukifika. Inatosha kujaza upya kilichotumika safari moja ya mashine ndogo. Paneli ndani ya mtumbwi ni tanga usilolihitaji.

Mkebe, fyuzi na chumvi

Betri yangu inakaa kwenye mkebe wa plastiki wa chakula wenye mfuniko wa kubana. Nimetoboa tundu moja pembeni karibu na juu, nikapitisha waya, nikaziba kwa silikoni. Kabla ya kuingia kwenye tundu, waya unashuka kidogo kisha unapanda, ili maji yanayotiririka yadondokee pale chini badala ya kuingia ndani. Mkebe umefungwa kwa kamba kwenye mtumbwi. Ukipinduka, betri isikukimbie, na isikuangukie.

Fyuzi weka karibu kabisa na upande chanya wa betri, kwa ukubwa uliotajwa kwenye karatasi ya mashine. Ni shilingi kidogo sana. Bila hiyo, waya ukichubuka na kugusana, waya wenyewe ndio unakuwa fyuzi. Viunganishi vipake vaselini, vikifika nyumbani vifute na kitambaa chenye maji baridi. Na ukichaji betri ya risasi, itoe kwanza kwenye mkebe, kwa sababu inaweza kutoa gesi inayoshika moto. Usiichaji imefungiwa.

Wanaonipinga

Binamu yangu, yule wa kafi, bado anasema nimezidisha. Anasema samaki hawaulizi betri ni ya aina gani, na kwamba doo zote hizi zingenunua chambo cha mwaka mzima. Kuna ukweli hapo. Kama unaenda na mtu kama ami, huhitaji mashine yoyote. Yeye analinganisha mnazi fulani na mnara wa msikiti, akiviona vimekaa mstari mmoja anasema "tia nanga," na chini pana mwamba. Kila mara. Hiyo ramani haihitaji chaji.

Lakini mimi sina miaka 40 ya kuijaza kichwani, na wengi wetu tuliokulia kwa mitaa ya nyumba za kupanga hatuna. Mashine inatupa njia ya kuanza kujifunza. Kosa ni kuifanya iwe macho yetu mpaka tusahau tunayo mengine mawili. Na ikikuonyesha penye samaki wadogo tupu, ondoka hapo. Kujua walipo si ruhusa ya kuwamaliza.

Kwa hivyo orodha yangu ya kununua, kwa mpangilio, ni hii. Jaketi la kuokoa maisha kwa kila mtu, filimbi shingoni, kafi la ziada. Kisha betri na mkebe wake. Kisha mashine ya inchi nne. Kama doo imeishia kwenye kafi la ziada, basi mwezi huu nenda na kafi la ziada.

Mwezi uliopita ami alinirudishia mtumbwi, kwa sharti kwamba naye anakuja. Nilifunga bomba, nikawasha mashine, nikawa nasoma kimya. Ami hakuitazama. Alipofika mahali pake alishusha bildi, akahesabu mafundo kwa vidole, akasema, "Pima tano."

Skrini ilikuwa imeandika mita 9.1. Pima moja ni karibu mita 1.8. Piga hesabu.

Nikamgeuzia skrini aone. Akaitazama muda, akauliza, "Inakula betri kiasi gani?" Nikamwonyesha mkebe. Akaunyanyua kwa mkono mmoja, akaupima uzito, akaurudisha chini.

"Haya," akasema. "Tega."

Tulikuwa nchi kavu kabla ya magharibi. Nilitoa simu kwenye mfuko mkavu, nikaiwasha, chaji asilimia 96, nikamwandikia mama neno moja: tumefika.